Bei ya Mwezi Mmoja wa Mhandisi

Ndugu Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mafundi sanifu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao bado hamjasaini mkataba wowote, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Mada niliyopewa ni maoni ya wafanyakazi kuhusu mshahara na kupanda ngazi katika kampuni za uhandisi ushauri, yaani zile zinazosanifu miradi ya ujenzi na kuisimamia kwa niaba ya mwenye mradi. Nimefanya kazi katika kampuni za namna hiyo hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini. Nusu ya kwanza nilikaa upande wa meza unaoomba nyongeza, na nusu ya pili nimekaa upande unaoikataa, kwa hiyo mnisikilize kwa tahadhari. Kwa kukaa pande zote mbili nimefikia jambo moja ambalo nakusudia kulitetea leo. Mfanyakazi wa kampuni ya ushauri anaposema mshahara ni mdogo, mara nyingi kinachomuuma zaidi ni kutoijua hesabu iliyouzaa mshahara ule. Na anaposema hapandi, kinachomuuma ni kuona kazi ya mikono yake ikitembea kwa jina la mtu mwingine.

Nianze na hesabu. Mkandarasi huuza zege, lami na nondo zilizokwisha kufungwa. Sisi tunauza miezi ya watu. Mshitiri, yaani mwenye mradi, awe wakala wa barabara, mamlaka ya maji au mtu binafsi anayejenga ghorofa, hutulipa kwa mwezi wa mhandisi wa miundo, mwezi wa mpimaji, mwezi wa mtaalamu wa udongo. Kila mmoja wetu ana bei yake ya mwezi, imeandikwa kwenye pendekezo la fedha, nayo huwasilishwa peke yake, mbali na pendekezo la kitaalamu.

Bei yangu mimi niliiona kwa bahati mbaya. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, na zabuni ilitakiwa kuwasilishwa kesho yake saa nne asubuhi. Wale waliowahi kuandaa zabuni wanaijua hali hiyo: sakafu imejaa karatasi, mtu mmoja anatoboa matundu, mwingine anapiga muhuri kila ukurasa, chai imepoa tangu saa mbili usiku. Nikatumwa kwenye mashine ya kuchapia nikalete kurasa zilizobaki, na ukurasa wa juu ulikuwa wa pendekezo la fedha, jina langu likiwa mstari wa sita. Nilisoma tarakimu zile mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Bei ya mwezi wangu mmoja ilizidi mara mbili ya mshahara wangu, na ziada juu yake. Nilizipeleka karatasi nilikotumwa, nikarudi kutoboa matundu. Kufikia Ijumaa chumba chote cha michoro kilikuwa kinajua, na neno lililozunguka lilikuwa moja tu: wanatunyonya.

Je, walikuwa wanatunyonya? Tufanye hesabu ya mfano. Chukua mhandisi kijana mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Asilimia 10 inakwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 150,000. Kinachobaki kinatozwa kodi ya mapato, ambayo kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 hupanda kwa hatua hadi asilimia 30 kwa sehemu inayozidi milioni moja. Kwa kijana huyu ni 233,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na wengi wetu tulisoma hivyo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000. Anafika nyumbani na 892,000. Sasa tuseme kampuni inauza mwezi wake kwa mara mbili na nusu ya mshahara, yaani 3,750,000. Mfukoni kwake inaingia chini ya robo ya bei aliyouzwa. Mtu akiziona namba hizi mbili kavu kavu, bila maelezo ya kilichomo kati yake, neno lile la chumba cha michoro atalisema hata kama ni mcha Mungu.

Lakini katikati ya namba hizo mbili kuna vitu, na vingi ni vya halali. Mwajiri naye anachangia hifadhi ya jamii, analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kuna pango la ofisi, leseni za programu za usanifu ambazo hulipwa kwa dola, na bima ya dhima ya kitaalamu, ile inayotukinga tukikosea katika usanifu. Kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya huduma kabla hayajatufikia. Kuna likizo ya siku 28 ambayo mshitiri hailipii. Zaidi ya yote kuna miezi mitupu: miezi ambayo mhandisi yuko ofisini, analipwa, lakini hakuna mradi wa kumbebesha gharama yake, kwa sababu anaandika zabuni tano ili ishinde moja. Na kuna ankara zinazokaa mezani kwa mshitiri, hasa mshitiri wa umma, mpaka karatasi inabadilika rangi, huku mshahara ukitakiwa kila mwisho wa mwezi. Mimi nimewahi kuwa miongoni mwa waliosaini mkopo wa benki ili watu walipwe Desemba, na riba ya mkopo ule ilitoka ndani ya ile tofauti ambayo zamani niliiita unyonyaji.

Kwa hiyo tofauti ile si wizi. Kosa letu waajiri ni kuificha. Tumewaajiri watu ambao kazi yao ya kila siku ni hesabu za mizigo, mikazo na mitiririko ya maji, watu wanaoweza kukagua boriti yenye mihimili mingi kwa kichwa, halafu tukawaambia kwamba hesabu ya mshahara wao ni siri ya menejimenti. Mwajiri anayefanya hivyo asishangae kijana akiikokotoa mwenyewe kwa takwimu za kuokota kwenye mashine ya kuchapia.

Lipo jambo jingine ambalo wenye kampuni hawapendi nilitaje. Katika zabuni nyingi za ushauri, alama za ubora na alama za bei hujumlishwa. Ubora hupewa 70 au 80 kati ya 100, na bei hupewa zilizobaki, anayetaja bei ya chini kabisa akipata alama zote za bei. Kwa maandishi, ubora ndio wenye uzito. Kwa vitendo, kampuni tatu zinazofahamiana vizuri hupishana alama moja au mbili za ubora, na bei ndiyo inayoamua. Usiku wa mwisho kabla ya kuwasilisha zabuni, mkurugenzi anatafuta pa kupunguza, na pango haliwezi kupunguzwa, wala bima. Kinachopunguzwa ni bei ya miezi ya wahandisi vijana, kwa sababu hawapo chumbani. Tukishinda kwa bei hiyo, nyongeza yao ya miaka miwili ijayo imekwisha kukataliwa kabla hawajaiomba.

Sasa nije kwenye kupanda ngazi, ambako naona maumivu ni makubwa zaidi na maneno yanayosemwa ni machache zaidi.

Mhandisi aliyeajiriwa serikalini anaiona ngazi yake: Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Mwandamizi, Mkuu. Anaweza kulalamika kwamba barua ya kupandishwa imechelewa, ila hawezi kusema hajui ngazi inayofuata inaitwaje. Kwa upande wa taaluma pia ngazi ipo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997, inamsajili mhitimu, kisha inamsajili kuwa mhandisi mtaalamu, na wachache baadaye huwa wahandisi washauri. Tangu mwaka 2003 uko mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu unaomsaidia mhitimu kuvuka hatua ile ya kwanza. Ndani ya kampuni zetu, hata hivyo, vyeo hutungwa kadiri ya haja. Nimeona mhandisi akiitwa mwandamizi katika barua kwa mshitiri na mhandisi mdogo katika hati yake ya mshahara, mwezi huo huo.

Ngazi halisi ya kampuni ya ushauri haimo katika mwongozo wa utumishi. Imo katika wasifu unaoambatanishwa na zabuni. Mshitiri anataka mhandisi mkazi, yaani msimamizi wetu wa saiti, mwenye miaka 15 ya uzoefu, aliyesimamia miradi miwili ya aina ileile, aliyesajiliwa kuwa mtaalamu. Mwenye miaka 9 hata angekuwa anaiweza kazi ile akiwa amefumba macho, jina lake likiwekwa linaangusha alama. Hapo ndipo inapozaliwa desturi yetu mbaya: mkubwa anatajwa, mdogo anafanya. Mkubwa huonekana saiti kwenye kikao cha mwezi, akiwa na kofia ngumu isiyo na mkwaruzo, na mdogo ndiye anayejua ni nguzo ipi ilimwagwa zege usiku na ni vipande vipi vya majaribio vya zege hiyo vilifeli vilipovunjwa siku ya 28 kupima nguvu yake. Mradi unapokwisha, uzoefu huandikwa kwa aliyetajwa. Mdogo anamaliza miaka mitano ya kazi ngumu, na wasifu wake bado una ukurasa mmoja na nusu. Zabuni ijayo hawezi kutajwa, kwa sababu ile iliyopita hakutajwa.

Mkataba nao unazidisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliruhusu wataalamu waajiriwe kwa mikataba ya muda maalumu, na kampuni nyingi huufunga muda huo kwenye umri wa mradi. Daraja likikamilika, na ajira imekamilika. Anayeajiriwa upya kwenye mradi mwingine huanzia karibu palepale alipoanzia. Mafundi sanifu wa maabara na wapimaji wanalijua hili kuliko sisi. Yuko mpimaji niliyefanya naye kazi miradi minne katika mikoa minne, na kila mara barua yake ya ajira ilisomeka kama ya mtu tuliyekutana naye jana. Kuhusu saa za kazi nitasema kwa ufupi: sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Usiku wa zabuni nilioueleza haukulipwa hivyo. Tulilipwa chipsi na kuku.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini wafanyakazi hawa hawasemi kwa pamoja. Katika ofisi nilizofanya kazi sijawahi kukuta tawi la chama cha wafanyakazi. Mhandisi hujiona ni mkurugenzi ambaye muda wake haujafika, na mtu wa namna hiyo haombi nyongeza pamoja na wenzake. Huiomba peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na akinyimwa huondoka kimyakimya kwenda kwa mkandarasi. Huko, akifika, husikika akisema jambo alilopaswa kutuambia sisi.

Mmoja aliniambia kabla ya kuondoka, nami nitamalizia kwa habari zake. Alikuwa dada aliyeingia kwetu kama mhitimu, akakaa miaka sita, akasajiliwa kuwa mtaalamu akiwa kwetu, ada za usajili akizilipa mwenyewe. Asubuhi moja aliingia ofisini kwangu akabaki amesimama. Akasema, "Mkuu, sikuja kuomba nyongeza. Naomba unionyeshe ngazi inayofuata iko wapi, ili niamue kama naisubiri." Nilianza kumweleza habari za miradi inayotarajiwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nasema maneno niliyoambiwa mimi nikiwa umri wake. Baada ya mkutano ule niliamua kuifungua hesabu ndani ya idara yangu. Kila mtu sasa anaonyeshwa bei ya mwezi wake kwenye kila zabuni, na kilichomo kati ya bei hiyo na mshahara, mstari kwa mstari. Na kila mradi unapofungwa tunaandika karatasi inayosema nani alisanifu nini. Wakurugenzi walinionya kwamba watu watadai zaidi. Ni kweli walidai. Wawili walionyesha kwa hesabu kwamba miezi yao mitupu ilikuwa michache kuliko tuliyokadiria, na wakapata. Mmoja aliona hesabu, akakubali kwamba ni sahihi, akaondoka hata hivyo, kwa kuwa 892,000 iliyoelezwa vizuri bado ni 892,000.

Dada yule naye aliondoka, mabadiliko yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Hakudai chochote ila barua inayoorodhesha kazi alizosanifu, ili aipeleke anakokwenda. Nikasema nitaiandika mwenyewe jioni hiyo. Nilitoa mafaili, nikafuata herufi za kwanza za jina lake kwenye pembe za michoro na kwenye kurasa za mahesabu: makalavati, kuta za kuzuia udongo, matangi mawili ya maji, misingi ya jengo la ghorofa nane. Barua ilifika kurasa tatu. Katika ukurasa wa pili niliandika jina la daraja moja la mihimili mitatu, nikasita, nikafungua wasifu wangu mimi, ule tunaoambatanisha na zabuni. Daraja lile lilikuwamo, mstari wa nne kutoka juu, nikiwa nimetajwa kuwa msanifu.

Nililiacha kwenye barua yake. Kwenye wasifu wangu nimelifuta mwaka huu.