Kwa Nini Sinunui Shamba la Karafuu Halmahera

Assalamu alaikum ndugu zangu. Video hii nimeirekodi kwa sababu ya swali moja lisilokoma chini ya kila video ninayoweka kutoka huku Halmahera, kisiwa cha mashariki mwa Indonesia, iwe ya mvua, ya samaki au ya harusi: "Sheikh, shamba la karafuu huko linauzwaje, na wewe umeshanunua mangapi?" Nimejaribu kujibu mmoja mmoja, na kila jibu limezua jingine. Nikisema sina shamba, naambiwa najificha ili nisiombwe. Nikitaja bei za huku, naambiwa najitapa. Nikieleza usumbufu wa karatasi, naambiwa nirudi Pemba kama nimeshindwa. Leo nitaeleza kwa kirefu, na atakayetaka kuona majigambo au malalamiko humu, hiari yake.

Namna ya kuchuma, kuchambua na kutenga makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, sitaieleza, kwa kuwa nitakuwa namfundisha mtu wa Wete kule Pemba kazi ya babu yake. Natambua pia dhana hii inatoka wapi. Kijiji ninachoishi kiko pwani ya magharibi ya Halmahera, na mbele yetu baharini ndiko viliko visiwa vya Ternate na Tidore, eneo ambalo ndilo asili ya mkarafuu duniani. Hata wa kwetu ulifika Unguja mapema katika karne ya 19, ukipitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa. Basi watu wanajiambia kwamba Mpemba aliyefika kwenye chimbuko la karafuu hawezi kukosa eka zake kadhaa.

Sheria ndiyo inayokataa, si mimi. Sheria ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, inasema umiliki kamili, ambao huku unaitwa Hak Milik, ni wa raia. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupata haki ya matumizi ya nyumba kwa muda maalumu, au akakodi. Kumiliki kama anavyomiliki jirani yake hawezi. Njia nyingine ni kufungua kampuni ya mwekezaji wa kigeni, na hapo mpango wa uwekezaji unatakiwa uzidi rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi wala majengo, ambazo kwa viwango vya karibuni ni kama shilingi bilioni moja na nusu za Tanzania. Anayeniuliza kama milioni 8 zake zinatosha nadhani ameshapata jibu.

Kuna njia ya tatu, ambayo madalali wa mjini wanaipenda sana. Mmoja aliniambia nitoe pesa, hati iandikwe kwa jina la dereva wake, kisha tutiliane saini karatasi ya pembeni kwamba mwenye mali ni mimi. Alilisema hilo huku akinikaribisha kahawa, kana kwamba ni jambo la kawaida, na kwa bahati mbaya ni la kawaida kweli. Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kinasema mauziano ya kumpa mgeni umiliki huo, yawe ya moja kwa moja au ya kuzungukazunguka, ni batili, ardhi inaangukia kwa serikali, na pesa zilizolipwa hazidaiwi. Hapo dereva hana anachopoteza.

Mtasema, "Lakini mke wako ni mwenyeji." Ni kweli, tulikutana kisiwa cha Java nilipokuwa nasoma kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia, na kijiji hiki ni kwao. Hata hivyo, mwananchi aliyeolewa na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali anahesabiwa kuwa mali yake inachanganyika na ya mume, na umiliki wake wa ardhi unaingia mashakani. Zamani mkataba huo ulipaswa kufungwa kabla ya ndoa au siku ya ndoa. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016 ndio ulioruhusu waliokwisha kuoana waufunge baadaye. Sisi tunao. Maana yake ni kwamba akinunua shamba, ni lake peke yake, na akitangulia mbele ya haki nikarithi, nina mwaka mmoja wa kulikabidhi kwa mwenye sifa ya kulimiliki. Kwa mtu mwingine hilo huenda si tatizo. Kwangu mimi, kumwekea mke wangu shamba ni zawadi, na nikimpa zawadi siwezi kuja hapa nikaiita uwekezaji wangu.

Pesa zangu zinakokwenda ni kwenye karatasi. Cheti changu cha kuzaliwa kilipaswa kuthibitishwa wizarani, kikapigwa muhuri wa ubalozi wa Indonesia Dar es Salaam, kikaja huku kutafsiriwa na mfasiri aliyekula kiapo, na mfasiri wa namna hiyo hayupo kijijini. Ofisi moja ilikikataa kwa kuwa jina la babu yangu limo kwenye pasi na kwenye cheti halimo, ikabidi mzunguko uanze upya kutoka Pemba. Kila safari ya kushughulikia kibali ni boti ya kwenda Ternate, malazi, na siku za kazi zilizopotea. Kibali nacho si cha kuchezea, kwani ukipitisha muda faini ni rupia milioni moja kwa kila siku, na ukizidisha siku 60 unafukuzwa nchini na kupigwa marufuku kurudi.

Haya yote nimeyaeleza kwenye kundi la ukoo, na ami yangu akapiga simu baada ya sala ya isha ya Pemba, wakati huku ni saa nane za usiku, kuniambia kwamba mtoto wa fulani yuko Muscat mwaka mmoja tu na ameshaezeka nyumba. Sikumjibu kwa heshima ya umri wake. Ila naomba niliseme hapa: Muscat kuna mshahara, na mimi niko kijiji cha wakulima.

Na ukulima wenyewe msidhani ni mteremko. Mwezi wa mavuno mtaona karafuu zimeanikwa juu ya maturubai pembeni mwa barabara, na baba mkwe amechutama, anachukua moja, anaivunja kwa kucha karibu na sikio. Ikikatika kwa mlio anaikubali, ikipinda anairudisha juani. Sehemu kubwa ya mazao ya nchi hii inaishia kwenye viwanda vya sigara za karafuu hapahapa, kwa hiyo bei inapanda na kushuka kwa pumzi ya viwanda hivyo. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mnunuzi mmoja tu aliyepewa ukiritimba, chini ya mtoto wa Rais Suharto, na bei ilivyoanguka wakulima wengine walikata mikarafuu. Ukiritimba ulivunjwa mwaka 1998. Siku hizi shida ni wachumaji, kwani vijana wengi wamekwenda Weda, hukuhuku Halmahera, kwenye viwanda vya madini ya nikeli, na aliyebaki anajua thamani yake.

Wanaotaka kuja kutembea tu, karibuni. Mgeni anajiandikisha kwa mkuu wa kijiji ndani ya saa 24, na viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi wala biashara, hata ya kununua gunia mbili za karafuu ukauze. Mwingine anaweza kuwa na uzoefu tofauti na wangu, hasa aliyeko Bali, kisiwa cha watalii, na sibishani naye.

Sasa wale wanaosema niweke hapa hati ya shamba ninaloonekana nikitembea ndani yake, ili waamini si langu. Shamba lile ni la baba mkwe. Nusu yake imesajiliwa, nusu ina barua ya mkuu wa kijiji na mpaka unaojulikana kwa mduriani. Karatasi zake anaziweka mwenyewe, sijamwomba nizirekodi, wala sitamwomba.