Chomoa kwanza: kutafuta ugonjwa wa maikrowevu ya hotelini

Haya wakuu, asanteni kwa kuja, najua wengine mmeacha kazi za watu mezani. Leo ni maikrowevu, ila siyo ile ya nyumbani ya kupashia chai, naongelea yale majitu ya jikoni mahotelini, ukifungua nyingi unakuta magnetroni mbili (ndizo zinazotoa mawimbi ya kupasha), transfoma mbili (za kupandisha volti), kapasita mbili (zinazotunza chaji). Hiyo mbili mbili ishikeni, tutarudi.

Ndani, hii mashine inapimwa ikiwa imekufa. Siyo imezimwa kwa kitufe, imechomolewa, na plagi unaiona kwa macho yako iko chini, siyo unaambiwa na kijana wa jikoni kwamba "nimeshachomoa fundi". Mle ndani kuna kama volti 4000 na inayo nguvu ya kuusimamisha moyo. Na msijipe moyo na zile breka za kisasa zinazokata mtu akipigwa shoti, ile inaangalia umeme wa ukutani tu, upande wa pili wa transfoma haioni kitu, yaani unaweza ukafa pale na breka bado imesimama juu kama kawaida.

Sasa kabla hata ya kushika bisibisi, ongea na wapishi. Mimi kuna hoteli moja niliitwa, meneja ananiambia mashine ni nzima ila wapishi wavivu chakula kinachelewa. Nikamuuliza dada wa jikoni, akasema zamani sahani ya pilau ilikuwa dakika moja, siku hizi mbili. Nguvu imebaki nusu kabisa! Nikaomba maji lita 1, nikapima joto, nikayaweka sekunde 60, nikayakoroga, nikapima tena. Hesabu yake rahisi, nyuzi zilizopanda zidisha kwa 70 unapata wati, kwa hiyo mashine ya wati 1800 inatakiwa ipandishe kama nyuzi 26, ile ilipandisha 12. Hapo sijafungua skrubu hata moja na tayari najua upande mmoja umekufa. Ila angalieni na volti ya ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, maana jioni umeme ukishuka hata mashine nzima inapasha kivivu, na ukikuta imechomekwa kwenye ekstensheni pamoja na birika na tosta, ugonjwa umeshaupata, toza hela ya kuja tu uondoke.

Kingine cha nje ni chujio la hewa. Jikoni kuna mafuta na unga, chujio likiziba magnetroni inachemka, swichi ya joto inakata, baada ya nusu saa inarudi yenyewe, basi watu wanasema mashine ina majini. Osha chujio! Na cheche ndani mara nyingi ni kile kibao cha maika kinachofunika tundu la kupitishia mawimbi, kilicholowa mafuta na kuungua, badilisha, usikigeuze upande wa pili halafu umtoze mtu bei ya kipya, nawajua.

Haya, lazima tufungue. Umechomoa, umesubiri dakika tano, bado usiingize mkono. Kapasita ina kizuizi (rezista) ndani cha kuimaliza chaji lakini kile nacho kinakufa na hakikwambii. Chukua waya wenye kizuizi na mpini mzuri wa plastiki, gusisha kila mguu wa kapasita kwenye bodi ya chuma, halafu mguu kwa mguu, mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo. Umemaliza? Hujamaliza, ziko mbili. Hapa ndipo fundi aliyezoea za nyumbani anapoliwa, anamaliza chaji ya kwanza, anafurahi, anainama kwenye ya pili.

Ndipo multimeta, ile mita ya kupimia umeme, kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Magnetroni miguu kwa miguu iwe chini ya omu 1, mguu kwa bodi isisome kabisa, ikisoma chochote imekwenda. Dayodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, inawachanganya sana watu, multimeta za kawaida haziwezi kuifungua, zinasema imekata pande zote mbili, mtu anaagiza mpya bure, iunganishe kwa mfululizo na betri ya volti 9 na multimeta ikiwa kwenye volti za DC, uone kama inapitisha upande mmoja. Volti ya juu hupimi kabisa, multimeta yako imeandikwa 600 au 1000, ukiiweka kwenye 4000 inapasuka mkononi.

Sasa mlango, hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo tunapowaumiza watu wengine, siyo sisi. Kuna swichi za mlango, mara nyingi tatu, na moja kazi yake ni ya ajabu, swichi kuu ikigoma kufunguka mlango ukifunguliwa, yenyewe inapiga shoti makusudi ili fyuzi iungue mashine isiwake mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo ukiambiwa "fyuzi inaungua kila tukifungua mlango", fyuzi haina kosa, inakwambia swichi ya mlango imeshikana. Badilisha swichi zote na fyuzi. Nilishawahi kukuta fundi aliyenitangulia ameweka kiwaya cha shaba pale kwenye fyuzi na amebana swichi kwa selotepu, mashine inawaka mlango wazi, na mpishi anaegemea pale akisubiri wali. Nilikaa chini kwenye kreti la soda kwanza.

Swali? Dada pale nyuma... ndiyo, mashine zilizotoka Marekani. Angalia kibati nyuma, ikiwa imeandikwa hezi 60 peke yake (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), hapa kwetu ni 50, transfoma itachemka hata kama volti umeiweka sawa, usihangaike kubadilisha magnetroni kila miezi miwili.

Na wewe kaka? Kuweka simu ndani halafu unaipigia, ikiita inavuja? Hapana aisee, hicho hakipimi kitu. Simu inasikia mawimbi madogo mno, na siyo hata ya masafa yale ya megahezi 2450, itaita ndani ya mashine mpya kabisa. Kuvuja kunapimwa na mita yake, weka bilauri ya maji ndani, washa, pitisha mita kuzunguka mlango umbali wa sentimita 5, isizidi miliwati 5 kwa sentimita ya mraba. Huna mita, umegusa mlango, basi azima kwa mwenzako kabla hujairudisha jikoni. Hii hapa ni yangu, pitisheni taratibu, na mtu asiiangushe bado naidaiwa.