Kulala Hifadhini: Mazungumzo na Walimu na Viongozi wa Safari, Tanga Mjini

Shikamooni wazee wangu. Walimu, hamjambo.

Kuna mwalimu amenikamata pale nje kabla hatujaingia akaniuliza: "Hivi Saadani si yetu? Kwa nini niombe nafasi na nilipe ili nilale kwetu?" Nimemwomba aniruhusu nimjibu mbele yenu wote, kwa sababu swali lake ndilo linalowasumbua wengi, ingawa wengine hawalisemi.

Ni yetu. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi. Upande mmoja iko kwetu Pangani, inashuka hadi Mto Wami kuelekea Bagamoyo. Lakini ikiwa ni yetu sote, basi ni ya wale wa wiki ijayo pia, na ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Kambi yenye nafasi ya mahema kumi ikiingiwa na mahema arobaini usiku mmoja, choo kinafurika, majani yanakanyagwa hadi udongo, na atakayekuja kesho anakuta uwanja. Kuweka nafasi ni namna ya kuhesabiana kabla hatujaumizana. Mimi sijaona njia nyingine.

Watu wa Tanga tunajulikana kwa msemo wetu, waja leo waondoka leo. Kwenye hifadhi tumeugeuza desturi: Ijumaa jioni watu wanachangishana, Jumamosi Kosta imeshakodiwa, saa tisa alasiri wako langoni na watoto hamsini, hawana namba ya malipo, hawana barua. Lango linafungwa saa 12 jioni. Watoto wanaona swala wawili watatu, wanarudishwa. Inaniuma sana, kwa sababu wale watoto wamelipiwa na wazazi wenye kipato cha kuhesabu.

Kwa hiyo tusemezane mambo yanavyokwenda. Hifadhi za Taifa zinasimamiwa na TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, na malipo hayafanywi kwa fedha taslimu mkononi mwa askari. Unatengenezewa ankara yenye namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu, unafika na risiti. Ada zenyewe ni zaidi ya moja, na hapa ndipo bajeti za shule nyingi zinapovunjika: kuna kiingilio cha kila mtu, kuna ada ya gari, na kama mnalala kuna ada ya kambi. Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko mgeni wa mbali, lakini lazima uthibitishe uraia, basi kila mtu mzima abebe kitambulisho. Ada ya gari inafuata uzito wa gari likiwa tupu. Uzito huo umeandikwa kwenye kadi ya gari. Mwombeni mwenye Kosta picha ya kadi siku ileile mnayolipa kianzio, msisubiri kuulizwa langoni.

Kambi nazo ni za aina mbili. Kuna kambi za umma, ambazo mnachangia na wageni wengine. Huko utakuta choo, mahali pa kuogea na banda la kupikia. Halafu kuna kambi maalum, ambayo ukishaiweka nafasi ni yenu peke yenu, na hiyo haichukuliwi bila kuandikishwa mapema. Jina lake linadanganya. Watu husikia "maalum" wakadhani kuna kitanda na umeme. Ni kama kukabidhiwa kiwanja: eneo zuri, halafu maji, choo, taa, moto wa kupikia, vyote unakwenda navyo mwenyewe na mabaki yake unarudi nayo. Kwa kundi la shule mimi nashauri kambi ya umma, tena mbebe jiko la gesi. Kuni za hifadhi haziokotwi hata zikiwa zimeanguka zenyewe. Gogo lililooza ni nyumba ya mchwa, ya nge, ya mijusi, na ni chakula cha udongo.

Ndani ya hifadhi mwendo wa gari hauzidi kilomita 50 kwa saa, na hakuna kutoka nje ya njia. Wakati wa masika msijaribu kabisa. Udongo mweusi wa Saadani ukilowa hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne linazama, na dereva akianza kukwepa tope anafungua njia mpya pembeni ambayo itaonekana kwa miaka.

Usiku magari hayatembei. Na watu pia hawatembei, hata hatua ishirini kwenda kupiga picha ya mwezi. Mkilala karibu na Wami, kumbukeni kiboko hutoka mtoni giza likiingia, anakula majani usiku kucha, anarudi kabla hakujapambazuka. Anarudi kwa njia yake ileile. Tazameni ardhi kabla hamjapiga hema: njia ya kiboko ina mifereji miwili sambamba na katikati kuna tuta lenye majani, kwa sababu miguu yake imeachana na tumbo liko chini. Ukiona hivyo, ondoka hapo hata kama pana kivuli kizuri. Kiboko akikuta kitu kati yake na maji hazunguki. Askari akikwambia hamisha hema, anajua anachokisema, wala hana neno na wewe.

Nije Madete, ufukweni mwa Saadani, maana huko ndiko watu hukasirika zaidi. Mmelipa, mko baharini, upepo unavuma, na mnaambiwa hakuna moto mkubwa mchangani, hakuna muziki, hakuna kumulika tochi hovyo. Sababu ni kasa. Ufukwe ule ni mahali pao pa kutagia. Jike anapanda usiku, polepole, anajikokota kwa mapezi hadi juu ya mstari wa maji kujaa, anachimba, anataga mayai mia moja hivi, anafukia, anarudi baharini. Akiona mwanga au vishindo kabla hajaanza kutaga, anageuka na kurudi na mayai yake. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka, nao usiku. Hawana mama wa kuwaongoza. Wanachofuata ni upande ulio na mwanga zaidi, na kwa maelfu ya miaka upande huo umekuwa bahari, ambako maji yanaakisi anga. Ukiwasha moto nyuma yao, bahari kwao imehamia kwako. Wanapanda kuja kwenye kambi, kaa wanawadaka, na jua likichomoza waliobaki wanakauka. Mtoto wa darasa la tano akielezwa hivi anazima tochi mwenyewe na anamzimia na mwenzake. Nimeliona hilo na ndiyo maana nawasihi: waelezeni sababu kabla hamjasafiri. Kusomewa orodha ya makatazo ndani ya basi hakutoshi.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019, hilo mnalijua. Chakula ndicho kinasahaulika. Nyani aliyerushiwa ndizi mara mbili hasubiri ya tatu, anaifuata mkononi, halafu anajifunza zipu ya begi, halafu hema. Mwisho wake ni kumjeruhi mtoto, kisha nyani huyo kuuawa. Aliyemrushia ndizi ya kwanza alishafika nyumbani zamani.

Hatuna Saadani peke yake. Amani, kule Muheza, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo maombi yanapelekwa kwao, si TANAPA. Kule ni kutembea kwa miguu na mwongozaji, na kanuni kubwa ni moja: usichume. Milima ya Usambara ndiko lilikotoka lile ua dogo la zambarau ambalo leo liko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na huku kwetu linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, sehemu chache tu. Watoto arobaini wakichukua jani moja moja, mwamba mmoja umekwisha.

Na Maziwe, mbele ya Pangani, ni eneo tengefu la bahari. Zamani kisiwa kile kilikuwa na mivinje. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imetoweka, na tangu hapo maji yakijaa kisiwa kinafunikwa. Kasa waliendelea kutaga mle, basi watu wa uhifadhi wakawa wanahamisha mayai kuyapeleka ufukwe wa Ushongo, upande wa bara, yasisombwe. Ndiyo maana kwenda Maziwe hamuanzi na boti wala na siku ya likizo. Mnaanza na maji: ulizeni wavuvi siku gani maji yatakupwa asubuhi, ndipo mpange mashua na kibali. Mkienda bila kuuliza mtakuta bahari tupu.

Kwa likizo ya Juni, anzeni sasa. Barua ya shule yenye muhuri, idadi ya wanafunzi kwa umri, maana watoto wadogo hawalipi sawa na wakubwa, majina ya walimu, namba ya gari na uzito wake, siku ya kuingia na ya kutoka. Ipelekeni kwa mhifadhi, msubiri jibu la maandishi, ndipo mchangishe wazazi. Walimu wa Pangani na Muheza nawaomba mbaki kidogo, tupange tarehe zenu zisigongane.