Kuseti kombaini kwa ngano: anzia mbele, malizia nyuma

Karibuni, wakulima na madereva wa kombaini, mashine inayokata na kupura nafaka kwa pamoja. Leo tunaseti mashine kwa ajili ya ngano; ukivuna shayiri, utaratibu ni huu huu. Fungua kitabu cha mashine na uweke viwango vya kwenye jedwali kama vilivyo. Hivyo ni vya kuanzia tu. Majibu yenyewe utayaona ndani ya tangi la nafaka na ardhini nyuma ya mashine.

Kabla hujaingiza mkono popote, zima injini, toa ufunguo na usubiri kila kinachozunguka kisimame. Ngoma, silinda inayopura masuke, huendelea kuzunguka kwa muda hata injini ikiwa kimya.

Tuanze mbele. Kata chini kidogo ya masuke yaliyo chini zaidi, maana kila bua la ziada unalolimeza ni mzigo wa bure. Rili, ile inayozunguka mbele ikiinamisha mabua kwenye kisu, iende kasi kidogo kuliko mashine yenyewe, kama asilimia 10 hadi 25 zaidi. Ikizidi hapo inayachapa masuke, na punje zinamwagika kabla hazijaingia ndani. Punje hizo hakuna feni wala chekeche litakalozirudisha.

Sasa tuje kwenye ngoma, na hapa tutakaa kidogo. Kwa ngoma ya kawaida ya kupura ngano, anza karibu na mizunguko 900 kwa dakika. Nafasi kati ya ngoma na wavu uliopinda chini yake iwe pana mbele na nyembamba nyuma. Endesha mita kama 50, simama, okota suke lililotoka nyuma ulisugue kiganjani. Tazama hili: punje tatu bado zimeng'ang'ania. Wengi wangekimbilia kuongeza kasi. Mimi nabana wavu kwanza, yaani nausogeza karibu na ngoma milimita moja au mbili, kwa sababu kasi ndiyo inayovunja punje zaidi. Na ukikuta vipande vya punje tangini, punguza kasi kabla hujagusa kingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilichosaidia.

Feni na machekeche huwachanganya watu. Makapi yakiwa mengi tangini, ongeza upepo kidogo au bana matundu ya chekeche la chini. Usilibane mno, maana punje safi zitarudishwa kwenye ngoma kupurwa mara ya pili, na huko zinavunjika. Punje zikipotea nyuma, usiseme moja kwa moja kwamba upepo umezidi. Upepo ukiwa mdogo, makapi hulala juu ya chekeche kama mkeka, punje zinapanda juu yake na kusafiri hadi nje. Kwa hiyo jaribu kuongeza kwanza, uone hesabu inakwenda wapi.

Hesabu yenyewe tunaifanya hivi. Chukua fremu ya mita moja ya mraba. Iweke kwanza kwenye ngano ambayo haijakatwa, uhesabu punje zilizokwisha kudondoka zenyewe. Kisha rudisha mashine nyuma hatua chache, uhesabu pale ilipokuwa meza ya kukatia; ziada yoyote hapo ni ya rili na kisu. Mwisho hesabu palipopita mashine nzima.

Punje 1,000 za ngano zina uzito wa gramu 40 hivi. Punje 100 kwenye mita ya mraba ni gramu 4, yaani kilo 40 kwa hekta. Lakini angalia mabua yako yanavyoanguka. Kama mashine inakata upana wa mita 6 na kumwaga kila kitu kwenye mstari wa mita 1.5, punje za kwenye mstari huo, ukishatoa zile zilizodondoka zenyewe na za meza ya kukatia, zigawe kwa 4. Bila hivyo utajitisha bure.

Hasara ikigoma kushuka, punguza mwendo. Mara nyingi mashine imelishwa kuliko inavyoweza kutenganisha.

Rudia ukaguzi jua likipanda. Mabua makavu yanakatikakatika na kujaza machekeche, kwa hiyo legeza wavu kidogo au punguza kasi ya ngoma. Jioni unyevu ukirudi na masuke yakawa magumu kupurika, bana tena kidogo kidogo, ukiangalia tangi kila unapobadilisha.