Kanuni Kwanza, Jedwali Baadaye: Mhadhara juu ya Kutunga Sudoku ya Kanuni za Ziada

Mabibi na mabwana, sitawapotezea muda kueleza sudoku ya kawaida, ile ya kujaza tarakimu 1 hadi 9 pasipo kujirudia katika safu mlalo, safu wima wala mraba mdogo wa tatu kwa tatu, kwani asiyeijua asingekuja kuketi hapa. Nimeombwa nizungumzie utunzi wa sudoku zenye kanuni zisizozoeleka, na wale walionisikia siku nyingine wanajua tayari ninakoelekea: mtunzi anapaswa kuanza na kanuni, akae nayo mbele ya jedwali tupu mpaka ajue inakataza nini, na hapo ndipo aanze kuchora. Wengi hufanya kinyume. Huchukua jedwali lililokwisha kujazwa na programu ya kompyuta, wakachora mistari hapa na mishale pale, wakaongeza kanuni ya tatu na ya nne, na programu inapowaambia kwamba jibu sasa ni moja tu, husema wametunga fumbo. Mimi nasema wamepamba jedwali.

Tuanze na tofauti moja ambayo watu huipita haraka mno. Katika sudoku ya kawaida tarakimu ni majina tu: ukibadilishana 3 zote na 8 zote katika jibu, jibu linabaki halali. Ndiyo maana tarakimu unazompa mfumbuaji tangu mwanzo lazima ziwe za aina nane angalau, kwa sababu mbili zikikosekana kabisa zinaweza kubadilishana nafasi na fumbo likawa na majibu mawili. Idadi ndogo kabisa ya tarakimu za kuanzia ni 17, na hilo lilithibitishwa mwaka 2012 na Gary McGuire na wenzake huko Ireland baada ya msako mkubwa wa kompyuta. Sasa linganisheni na fumbo la mtunzi Mitchell Lee la mwaka 2020, ambalo mfumbuaji Simon Anthony alilifumbua mbele ya watazamaji wa YouTube, akianza kwa kudhani anataniwa. Jedwali lilikuwa na tarakimu mbili tu, 1 na 2. Kanuni za ziada zilikataza tarakimu ileile kujirudia kwa mruko wa farasi au kwa hatua ya mfalme wa sataranji, na zikakataza tarakimu zinazofuatana kihesabu kukaa katika visanduku vinavyopakana ubavu kwa ubavu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyozifanya tarakimu ziache kuwa majina na kuwa namba. Tazameni jibu lake: kila safu mlalo ni mzunguko uleule wa 4, 8, 3, 7, 2, 6, 1, 5, 9, ila kila safu inaanzia mahali pake. Utaratibu huo ulikuwa umo ndani ya kanuni kabla mtunzi hajaandika tarakimu hata moja, na kazi yake ilikuwa kuugundua.

Nitawaonyesha kwa mfano ambao nimeutumia mara nyingi na sioni sababu ya kuuacha. Chukueni kanuni moja, ile ambayo watunzi huiita mnong'ono wa Kijerumani: mstari unapita katika visanduku, na tarakimu mbili zinazopakana juu ya mstari huo lazima zitofautiane kwa 5 au zaidi. Basi. Chora mstari huo uzunguke visanduku vinane vya pembezoni mwa mraba mdogo mmoja, uache kile cha katikati, na uache pengo mahali pamoja ili mstari usijifunge. Usiandike tarakimu yoyote. Mfumbuaji anajua nini?

Anajua kwanza kwamba 5 haiwezi kuwa juu ya mstari, kwa sababu ukiiongezea tano unapata 10 na ukiipunguzia tano unapata sifuri. Kwa hiyo 5 imekwisha kukaa katikati ya mraba. Anajua kwamba tarakimu ndogo na kubwa zitapishana. Kisha anaiangalia 4, ambayo jirani yake pekee anayeruhusiwa ni 9, na katika mraba mdogo 9 ni moja tu. Basi 4 haiwezi kuwa na majirani wawili, na lazima iwe ncha ya mstari. Kwa hoja hiyohiyo 6, isiyokubali jirani ila 1, ni ncha ya pili. Tarakimu 3 haiko nchani, nayo inakubali 8 na 9 peke yake, kwa hiyo inakaa baina yao. 7 inakaa baina ya 1 na 2. Unganisheni vipande hivyo na mstari wote umejiandika: 4, 9, 3, 8, 2, 7, 1, 6. Visanduku tisa, tarakimu zote zinajulikana kwa mpangilio, na mtunzi hajatoa hata moja. Kilichobaki ni upande gani una 4 na upande gani una 6.

Na hapo ndipo penye utamu ambao mwenye haraka haupati. Kila tarakimu katika jedwali zima ukiigeuza kuwa kilichobaki kufikia 10, yaani 1 iwe 9, 2 iwe 8, na kadhalika, tofauti baina ya majirani hazibadiliki. Kanuni inayotazama tofauti peke yake haioni mgeuzo huo. Kwa hiyo fumbo la mistari hii tu, bila tarakimu na bila kanuni nyingine, kamwe halitakuwa na jibu moja, hata uchore mistari mpaka karatasi iwe nyeusi. Nimewaona watu wakiongeza mstari baada ya mstari, wakiilalamikia programu, ilhali sababu ingejulikana kwa kukaa kimya na kanuni kwa muda mfupi tu. Kuwapa wafumbuaji 5 mahali fulani hakusaidii pia, kwa kuwa 5 ikigeuzwa inabaki 5. Weka 4 moja, au kipimajoto kimoja, yaani mstari unaodai tarakimu zipande kutoka ncha moja hadi nyingine, au jumla: visanduku viwili vya mwanzo wa mstari wetu ni 4 na 9, jumla 13, au ni 6 na 1, jumla 7. Andika 13 na mraba mzima umekamilika.

Najua kuna anayeniuliza moyoni kwamba, ikiwa programu inathibitisha jibu ni moja, mfumbuaji anadai nini zaidi. Anadai njia. Programu hujaribu, ikakwama, ikarudi nyuma, ikajaribu tena mara maelfu bila kuchoka wala kuona haya, na mwishowe ikatoa hesabu ya majibu. Haikuambii kama mwanadamu mwenye kalamu atapata pa kushika. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligundua, nami ningeongeza kwamba hata huyo mwerevu hawezi kugundua mahali ambapo mtunzi mwenyewe hajui pa kuingilia. Ukiulizwa hatua ya kwanza ya fumbo lako ni ipi na ukanionyesha skrini, hujalitunga bado. Siikatai programu, naitumia kukagua, baada ya hoja kukamilika.

Juu ya idadi ya kanuni, muda unanibana na nitasema kwa ufupi: mbili zinazogongana vizuri zinatosha, na kanuni ambayo ukiiondoa fumbo bado lina jibu moja kwa njia ileile, iondoe. Nilikusudia pia kuzungumzia viwango vya ugumu, lakini naona mwenyekiti ananitazama, na kwa kweli ugumu hautungwi, hupimwa kwa kumpa fumbo mtu ambaye hujamwambia lolote na kumwangalia anapokwama.

La mwisho ni maneno ya kanuni zenyewe, maana mafumbo mazuri huharibika hapo. Eleza kama visanduku vinavyogusana kwa pembe vinahesabiwa kuwa vinapakana. Eleza kama tarakimu inaweza kujirudia juu ya mstari unaotoka mraba mmoja kwenda mwingine, kwa sababu hoja ya 4 niliyowaonyesha inategemea jambo hilo: ndani ya mraba mmoja kuna 9 moja, lakini mstari ukivuka mpaka, 4 inaweza kukaa katikati ya 9 mbili bila kosa lolote. Na kama mistari mingine ya aina hiyo ingeweza kuwapo lakini hukuichora, sema wazi kwamba mahali pasipo na mstari kanuni haidai kitu. Sasa nipo tayari kwa maswali.