Giza Limeanzia Wapi?

Jambo yenu wote. Mama zangu, papa zangu, na ninyi vijana wa sekretaria za karibu na chuo, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmefunga kibanda ili mfike hapa, na msimu wa wanafunzi kuchapisha kazi zao za mwisho hauna mchezo, kwa hiyo sitazunguka sana.

Mashine hii ya kompyuta iliyo mezani ni mgonjwa. Ugonjwa nimeutia mwenyewe asubuhi nyumbani, na hakuna mtu mwingine anayeujua. Nabonyeza. Mnasikia feni? Taa ya mbele imewaka. Skrini, nyeusi kama sufuria ya bukari iliyoungua. Haya, tufanye nini?

Nimesikia. Kijana wa nyuma kabisa amesema "iformatiwe". Usijifiche, ndugu yangu, umenirahisishia kazi, maana nimekuja kwa ajili ya neno hilo moja.

Hapa Lubumbashi kuformati, yaani kufuta diski yote ili kuanza upya, kumekuwa kama parasetamoli. Mashine nzito, formati. Printa haijibu, formati. Skrini nyeusi, formati. Nami nilikuwa hivyo. Mwaka wangu wa pili wa ufundi, papa mmoja mstaafu aliniletea mashine yake: feni inazunguka, skrini nyeusi. Nikajifanya najua. Nikatoa diski, nikaifunga kwenye mashine yangu, nikaiformati, nikaweka Windows mpya, nikairudisha. Nyeusi vilevile. Siku ya pili ndipo nilipogundua kwamba kibao cha ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, kilikuwa na vumbi kwenye meno yake. Nikakisafisha, mashine ikawaka vizuri sana, safi, tupu. Papa alipokuja akaniuliza picha za mazishi ya mama yake ziko kwenye folda gani. Nilimrudishia pesa, akakataa kuipokea. Alibeba mashine yake akaondoka. Mpaka leo tukikutana barabarani ananisalimu kwa heshima, na heshima hiyo inaniuma kuliko tusi.

Basi kabla ya kumruhusu mtu aguse diski yako, muulize swali moja: giza limeanzia wapi, kabla ya nembo ya kiwanda au baada yake?

Nieleze kwa nini nembo. Ukibonyeza kitufe, anayeamka wa kwanza si Windows. Ni programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya ubao mama, ule ubao mkubwa unaounganisha vipande vyote, inaitwa BIOS, na kwenye mashine za karibuni UEFI. Hiyo inakagua nyumba kwanza: prosesa, ubongo wa mashine, ipo? Ramu ipo? Kuna kitu cha kutoa picha? Ukaguzi huo ulikuwamo hata kwenye kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1981. Ikiridhika, inaonyesha nembo ya kiwanda, kisha ndipo inaitafuta diski na kuikabidhi kazi. Diski ni mgeni wa mwisho kuitwa mezani. Kama nembo haijaonekana, Windows bado haijaguswa kabisa, na kuiformati ni sawa na kubadilisha kipa wa Mazembe wakati lango la uwanja wa Kamalondo lina kufuli. Niseme ukweli, mara chache diski iliyokufa hukwamisha hata ukaguzi wenyewe. Sawa, chomoa waya wake, washa, uone. Kuchomoa waya hakufuti picha ya mtu.

Sasa mashine yetu. Nembo haikuonekana. Tuanze na kisichogharimu kitu, yaani skrini yenyewe. Skrini nzima isiyopata picha kwa kawaida huandika ujumbe mfupi kwamba haipokei kitu, kisha inalala. Hii yetu imeandika, mmeiona? Basi skrini ni nzima. Isingeandika chochote, ningeangalia taa yake, waya wake wa umeme, na kitufe cha kuchagua tundu, maana watoto wanapenda kukibonyeza: wewe umechomeka waya wa picha wa VGA, skrini inasubiri wa aina nyingine, HDMI. Ule waya wa buluu wa VGA una pini 15, na pini moja ikipinda unaweza kuhangaika wiki. Na kama nyuma ya mashine kuna matundu ya picha sehemu mbili, juu kwenye ubao mama na chini kwenye kadi ya picha, chomeka kwenye kadi. Kwenye mashine nyingi, kadi ikiwepo, tundu la juu linanyamaza. Nimewahi kupanda basi hadi Ruashi kwa ajili ya tundu la juu.

Kuna pia giza la taa ya nyuma ya kioo. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona maandishi hafifu kama mtu nyuma ya pazia, kompyuta haina kosa, skrini imepoteza taa.

Halafu kibodi. Bonyeza Num Lock mara mbili tatu. Taa yake ikiwaka na kuzimika unavyobonyeza, ndani kuna mtu, na tatizo ni picha tu. Hapa nabonyeza… hakuna kitu. Kwa hiyo imekwama kwenye ukaguzi. Mnaona tulivyokwisha kupunguza njia, na bisibisi bado iko mfukoni?

Umeme. Hapa nitakaa kidogo, maana ni hadithi yetu. Waya mkubwa wa umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, ulikamilika mwaka 1982, na mpaka leo ni mshipa wa Katanga nzima. Lakini aliyeua mashine zenu yuko kwenye mita kumi za mwisho: waya uliounganishwa na wa jirani, multipriz, ile ya matundu mengi, iliyoyeyuka upande mmoja, na delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme kukatika si mbaya sana kwa chuma. Mbaya ni kurudi, unarudi ukirukaruka, unapanda, unashuka, unapanda tena. Ukikatika, zima kwenye multipriz. Ukirudi, ngoja dakika kumi, kunywa chai, kisha washa.

Mnaonunua mashine za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, zilizotoka Marekani, geuzeni nyuma. Baadhi ya maboksi ya umeme ya zamani yana swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Sisi ni 220. Ikiwa iko kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlipuko kama wa fataki, na harufu yake haitoki chumbani siku hiyo. Na lile boksi la umeme, kijana, usilifungue. Kapasita zake, vipande vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Linabadilishwa zima.

Watu wananiambia, "Fundi, feni inazunguka, kwa hiyo umeme uko sawa." Hapana. Feni inahitaji kidogo tu. Prosesa ina plagi yake peke yake, ndogo, ya pini 4 au 8, kwenye kona ya ubao mama, na ikilegea feni zote zinacheza huku mkubwa wa nyumba hana chakula. Tena feni ikizunguka sekunde mbili ikasimama, ikaanza tena, ikasimama, hapo kuna kitu kinagusana vibaya au boksi limechoka.

Dawa moja ya bure kabla hatujafungua: chomoa waya ukutani, shika kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki utoke, kisha chomeka upya. Inafanya kazi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya wateja.

Haya, sogeeni. Mama, njoo karibu, wewe ndiye mwenye mashine tano.

Kwanza nachomoa waya. Pili nagusa bati la kasha kwa mkono mtupu. Tuko mwezi wa nane, hewa imekauka, sweta zenu zinatoa cheche usiku mkizivua. Cheche hiyo hiyo inaua kibao cha ramu bila wewe kuiona. Navuta ubavu. Angalieni rangi. Hili ni vumbi la Katuba, jekundu, laini kama unga. Tangu mvua za mwezi wa nne ziishe halijapata wa kulituliza. Linaingia na hewa ya feni, linakaa kila mahali penye mwanya. Mashine ikipoa usiku na kupata moto mchana, metali inajivuta na kujiachia, na taratibu vumbi linapita kati ya meno ya kibao na tundu lake. Siku moja asubuhi, giza.

Vibao vya ramu ni hivi viwili, bareti. Navitoa vyote, ndiyo, vyote. Nachomeka, nawasha. Sikilizeni… Pii. Pii. Pii. Mashine isiyo na ramu kabisa inalia, na huu ni mlio mtamu: ubao mama unahesabu, prosesa inafikiri, boksi linalisha. Ingebaki kimya, ningeanza kuwa na huzuni, ingawa baadhi ya mashine hazina spika ndani, zinasema kwa taa zinazopepesa. Milio inatofautiana kwa kiwanda. Kwenye BIOS ya kampuni ya Award, mmoja mrefu na miwili mifupi ni tatizo la picha. Msikariri, andikeni mlivyosikia na mtafute kwa jina la mashine yenu.

Sasa nachukua kifutio cha shule, gomu ya kawaida, nyeupe. Nashika kibao kwa kingo, nasugua meno ya dhahabu polepole kuelekea nje. Mnaona gomu ilivyokuwa nyeusi? Makombo nayapangusa kwa brashi kavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Tundu nalo nalipiga brashi. Narudisha kibao kimoja tu, nikitazama pengo lake: vizazi vya ramu havichanganyiki, cha DDR3 hakiingii kwenye tundu la DDR4, na ukilazimisha utanunua vyote viwili. Nasukuma kwa vidole gumba viwili mpaka masikio yote mawili yafunge. Tak. Tak. Kwenye baadhi ya mashine sikio ni moja, lakini sikilizeni pande zote.

Mmesikia tak mbili? Asubuhi mimi nilisikia moja. Huo ndio ugonjwa niliotia: upande mmoja wa kibao niliuacha umeinuka, unene wa ukucha. Nawasha.

Nembo hiyo. Asanteni, lakini pigieni gomu makofi, si mimi.

Ingekataa, ningejaribu kibao cha pili peke yake, kisha tundu la pili. Kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashine ikapona, hujui umeponya nini, na wiki ijayo utabadilisha vitatu tena. Ningeangalia pia kapasita za ubao mama, zile silinda ndogo, kama kuna iliyovimba kichwa. Na betri ya saa, CR2032, ya volti 3. Jina lake ni vipimo vyake, upana milimita 20 na unene 3.2. Ikiisha, saa inarudi miaka ya nyuma. Waya ukiwa umechomolewa, kuitoa kwa dakika chache kunafuta mipangilio ya BIOS, na kuna giza linaloondoka kwa hilo tu.

Na wale wanaoona nembo, kisha giza? Hapo ndipo Windows inaanza kushukiwa, na bado si formati. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, ili programu ya picha ianze upya. Jaribu Windows na P, huenda inatuma picha kwenye skrini ambayo haipo. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo kuna hali salama, yaani Windows kuwaka na vitu vya lazima tu. Yote yakishindikana, toa diski, ifunge kwenye mashine nyingine kwa kebo ya USB, nakili kazi za watu. Baada ya hapo, formati mpaka uchoke.

Maswali? Ndiyo, mama.

Mama anauliza: mashine yake moja, fundi alisema ubao mama umekufa, anunue mwingine. Je, alitoa bareti akasikiliza mlio mbele yako? Hakutoa. Basi mama, usinunue kitu. Iletee kitenge uifunge vizuri, basi za komini yetu ya Kenya zinarusharusha, uje nayo kesho kabla ya saa nne.

Huyu hapa, kijana wa formati, swali lake limewachekesha wenzake. Anauliza mimi natoza ngapi kusugua gomu. Natoza ya kufungua kasha, ya nusu saa yangu, na ya kipande cha gomu. Ya ubao mama sitozi, maana sijauuza. Nawe sasa umeona bure, kwa hiyo mteja mmoja nimempoteza leo. Njoo ukae hapa mbele, unishikie hii tochi, tufungue ya pili.