Rimoti imepotea, kitufe cha TV kiko wapi?

DADA: Haya karibuni tena jamani, ni sisi wawili kama kawaida, mimi na fundi wangu, na leo tunaongelea kitufe cha kuwashia TV. Najua kuna mtu hapo anasema hiki nacho ni cha kufanyia kipindi kizima? Subiri nikusimulie. Mama yangu yuko Tanga, anakaa na mjukuu wa miaka mitatu, rimoti ikapotea. Siku 12 fundi, siku 12 mama hajaona taarifa ya habari, na mama yangu saa mbili usiku hata ugeni ukija anaukaribisha hukohuko mbele ya TV.

FUNDI: Siku 12 na TV nzima.

DADA: Nzima kabisa! Taa nyekundu inawaka, anaiona. Kijana wa jirani kaja, kaizunguka, akasema bibi hizi TV za siku hizi hazina batani, ni rimoti tu, mama akaamini. Halafu kuna mtu mwingine akamwambia hiyo ipelekwe ikafunguliwe, elfu 35. Elfu 35 fundi, kwa ajili ya kuiwasha.

FUNDI: Hiyo ndo inaniuma kwenye kazi yangu, kwasababu watu wazima ndo wanaoumizwa zaidi. Sikilizeni, TV yako ina kitufe, nasema hivyo kwasababu toka nimeanza kufungua TV mpaka leo hakuna niliyoletewa mezani haina, kimefichwa tu. Kampuni zinataka ukiangalia mbele uone kioo kitupu, basi kitufe kinapelekwa chini au nyuma huko.

DADA: Zamani kwenye TV ya chogo kilikuwa mbele hapo, kikubwa, unabonyeza "ta!"

FUNDI: Eeh, na ile "ta!" ilikuwa na maana yake, ile swichi ilikuwa inakata umeme wenyewe, moto wa ukutani unaishia pale. Ya sasa hivi haikati kitu. Kitufe cha TV bapa ni kidogo kama punje ya dengu, kazi yake ni kupeleka taarifa kwenye bodi, ule ubao wa umeme ulio ndani ya TV, kwamba mwenye nyumba anataka tuamke, na bodi ndo inaamua kuamka au kukataa. Ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa rahisi, maana TV isipowaka unajiuliza, umeme umefika? bodi imesikia? imekataa? Na ile taa nyekundu ndo jibu la swali la kwanza, ikiwaka ujue umeme umeingia mpaka ndani.

DADA: Na watu wanaogopa hiyo taa inakula umeme.

FUNDI: Kidogo mno. Ulaya toka 2013 kanuni zao zinataka kifaa kikiwa kimelala hivyo kawaida kisizidi nusu wati, sasa nusu wati usiku na mchana mwaka mzima ni uniti 4 na kidogo. Zikiwa zimeungwa intaneti muda wote zinaweza kula zaidi, ila hiyo siyo inayokumalizia luku.

DADA: Haya turudi kwa mama. Nikakupigia wewe, nikampigia na yeye kwa video, mjukuu ndo kashika simu, mara naona dari, mara naona miguu ya bibi yake...

FUNDI: (anacheka) Nikakwambia mwambie mama asiangalie, apapase. Hii watu hawaijui, wanatafuta kwa macho, wanapiga magoti wanachungulia, na kitufe ni cheusi kwenye plastiki nyeusi, kitaonekana saa ngapi? Unaweka kidole chini ya ukingo wa TV, katikati, pale chini ya jina la kampuni, unakitembeza taratibu kwenda kulia, unarudi kwenda kushoto. Plastiki yote ni laini, ukikuta mahali kuna kitu kama harage kinatikisika kidogo, ndo chenyewe.

DADA: Mama akapapasa katikati hamna, akaenda kulia hamna, akasema mwanangu nimechoka kuinama. Nikamwambia mama kaa chini kwenye mkeka, pumzika, tupo. Akakaa, akarudi tena taratibu safari hii kwa nyuma kidogo, akanyamaza, halafu nasikia "hiki hapa kinabonyea". TV ikalia ile sauti yake ya kuwaka. Nililia fundi, nakwambia kweli.

FUNDI: Ni haki yako. Sasa kwa mlio nyumbani, LG nyingi kinakuwa chini katikati, usawa wa nembo, kinabonyea na kwenda mbele nyuma kulia kushoto. Samsung nyingi ama chini hapohapo ama nyuma upande wa kulia chini ukiwa umeikabili TV. Sony zingine ni nyuma ukingoni, zingine chini. Hizi zingine zilizojaa madukani nazo ni mulemule, chini katikati au nyuma pembeni. Ikiwa imebanwa ukutani kidole hakipiti, washa tochi ya simu, rekodi video ukiipitisha simu nyuma ya TV, halafu kaa uiangalie. Unatafuta alama ya duara lililopasuka juu na kijistari kinachopenya, kile kijistari ni 1 na duara ni 0, yaani washa na zima.

DADA: Halafu kukawa na shida ya pili, imewaka lakini iko kwenye HDMI nyingine, yaani tundu lingine siyo lile la waya wa king'amuzi, king'amuzi hakionekani, na kitufe ni kimoja tu.

FUNDI: Kimoja kinafanya kazi zote. TV ikiwa imewaka ukibonyeza mara moja haraka inakuletea menyu ndogo chini, kila ukigusa inahama, ukifika unapopataka unashikilia kidogo inachagua. Ukishikilia muda mrefu inazima. Zenye kile cha kusukuma unasukuma kuhama, unabonyeza katikati kukubali. Zinatofautiana kidogo, jaribu mara mbili tatu, huwezi kuiharibu kwa kujaribu.

DADA: Na kama hata taa nyekundu hamna?

FUNDI: Hapo usiguse TV kwanza, anza ukutani. Soketi zetu zina swichi, watoto wanazizima. Chomeka chaja ya simu palepale, si ekstensheni nyingine, palepale. Ikichaji, angalia plagi, zile za pini tatu bapa ndani zina fyuzi, na TV nyingi fyuzi ya ampea 3 au 5 inatosha, ikikatika TV inakuwa kimya kabisa. Na upande wa pili waya unaoingia nyuma ya TV, ule wenye umbo la namba 8 kama wa redio, unalegea bila wewe kujua, usukume mpaka mwisho. Mi nshaenda nyumba ya mtu kwa bodaboda nikausukuma waya nikaondoka.

DADA: Ulimchaji?

FUNDI: Nauli tu. Kuna jingine la kuangalia kabla ya kukata tamaa, TV gadi, kile kifaa unachochomekea TV kuilinda na umeme mbaya. Ile kama umeme uko chini sana au uko juu inakataa kuupitisha, na umeme ukirudi inasubiri kwanza. Watu wanaona TV imekufa kumbe gadi inawalinda.

DADA: Taa inawaka, nabonyeza kitufe, nabonyeza rimoti, haitaki.

FUNDI: Hapo bodi imeganda, kama simu inavyoganda. Chomoa plagi ukutani, siyo kuzima kwa rimoti, chomoa, halafu shikilia kile kitufe cha TV dakika nzima, unamwaga umeme uliobaki ndani. Subiri dakika mbili tatu, chomeka, bonyeza mara moja uiache ipumue. Smart TV zina programu nyingi za kuamsha, ukibonyezabonyeza unaichanganya, unawasha unazima mwenyewe. Ikianza kupepesa taa, pepesa pepesa inatulia, hesabu! Sony kwa mfano inapepesa idadi fulani kuonyesha ugonjwa uko wapi, ukimwambia fundi "inapepesa mara sita" umeshampunguzia kazi.

DADA: Sasa ile ya mama mdogo wa Bagamoyo, inajizima na kujiwasha usiku, wameshaiombea dua na maji wamenyunyiza.

FUNDI: (kimya kidogo) Hii nataka nikae hapa kwasababu sisi watu wa pwani inatuhusu sana. Ndani ya kile kitufe kuna kiswichi, milimita 6 kwa 6, kina kibati chembamba kilichobinuka kama kifuniko, ukibonyeza kibati kinalala kinagusana na cha chini. Sasa hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, inaingia mle taratibu miaka mitatu minne, kinaota kutu ya kijani, na ile kutu inapitisha umeme kidogo kidogo. Bodi inaona kama kuna mtu amekishikilia kitufe. Basi TV inajizima, au sauti inapanda yenyewe, au menyu inajitokeza katikati ya mpira, au haiwaki kabisa kwasababu bodi inadhani kitufe hakijaachiwa. Watu wanauza TV zao bei ya kutupa, wanadhani bodi kuu imekufa, au wanadhani mengine.

DADA: Na dawa yake?

FUNDI: Fundi anafungua, anachomoa kile kiwaya kinachotoka kwenye kitufe kwenda bodi. Ukiacha kimechomolewa, unawasha kwa rimoti. Ikikaa vizuri siku nzima, mgonjwa umempata. Kiswichi kipya bei yake haifiki soda, ni kuchomelea risasi miguu yake tu. Mwenye TV akijua hili ataweza kumuuliza fundi, umejaribu kuchomoa kitufe? Hilo swali moja linaokoa hela nyingi. Mende nao wanaingia hapohapo kwasababu kuna joto, wakifia ndani kitufe hakirudi, hapo unabonyeza mara kumi ishirini kilegee, TV ikiwa imechomolewa.

DADA: Kwahiyo tunaweza kufungua wenyewe?

FUNDI: Hapana, hapo nasema hapana kwa nguvu zote. Umeme wetu ni volti 230, ukiingia kwenye saplai ya TV unageuzwa unafika volti 300 na zaidi, unakaa kwenye kapasita kubwa, kile kifaa kinachohifadhi umeme, na unaweza kubaki mle hata ukishachomoa. Chogo ndo kabisa, kile kioo kinabeba maelfu ya volti. Fundi anajua kuumwaga kwanza. Wewe kazi yako inaishia kwenye kitufe, waya na plagi.

DADA: Nimekuelewa. Na ikitoa sauti bila picha?

FUNDI: Hiyo imewaka, acha kubonyeza. Zima taa ya chumbani, mulika tochi karibu na kioo, ukiona picha kwa mbali, taa za nyuma ndo zimekufa, zinabadilishika. Hiyo tutaifanyia kipindi chake.

DADA: Tusiwasahau wenye rimoti iliyopo ila haifanyi kazi.

FUNDI: Fungua kamera ya simu, ile ya selfi ni nzuri zaidi maana kamera za nyuma nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga wa rimoti, elekeza kichwa cha rimoti, bonyeza. Ukiona kimwanga cha zambarau kinapepesa rimoti ni nzima, ni ule mwanga ambao jicho letu halioni. Usipoona, badilisha betri, angalia na zile springi, betri zikivuja zinaacha unga mweupe. Chukua ndimu, kamulia kwenye pamba, pangusa taratibu, ule unga unayeyuka, kisha kausha vizuri kabisa.

DADA: Ndimu tena! Halafu kuna watu wa gesti, kitufe kipo na kinabonyea ila hakifanyi kitu.

FUNDI: Kimefungwa kwenye mipangilio. TV nyingi zina kufuli la vitufe, hoteli wanafunga ili mgeni asivuruge, na mtoto akichezea menyu anafunga bila kujua. Utafungulia kwa rimoti, kwahiyo ndo maana nasema leo rimoti ikiwepo, nenda kakiangalie kitufe chako kama kinafanya kazi. Leo, wakati unaona unachokifanya na hujapaniki.

DADA: Mi nilivyoenda Tanga mwezi uliopita nilichukua rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu ile iliyoiva, nikaweka tone moja mbele pale chini, usawa wa kitufe. Mama akaniambia umeniharibia TV yangu. Ila juzi nampigia saa mbili usiku hapokei, nikapiga tena, akapokea anaongea kwa haraka, "nitakupigia, taarifa ya habari imeanza." Nikamuuliza rimoti umeipata? Akasema, ya nini?

FUNDI: Mwache mama aangalie. Tuonane wiki ijayo.